Jibu la Swali la Tatu

Pasi ilikuwa imepata moto, na dada mtu aliipitisha kwenye kola ya blauzi huku akisoma maswali ya usaili aliyoyaandika nyuma ya kalenda ya zamani.

"La tatu. Kwa nini uliacha kazi yako ya mwisho?"

Mwalimu alikuwa amekaa nyuma ya cherehani ya dada yake, mikono mapajani kama mtahiniwa. "Shule ilifungwa."

"Kwa nini?"

"Ukuta wa darasa ulianguka."

"Ulianguka kwa sababu gani?"

Kila wakifika hapo Mwalimu alimsikia mwanafunzi wake, Chiriku. Darasa zima lilimwita hivyo, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Asubuhi ile ya kuanguka, mtoto huyo alikuwa amesimama kando ya ukuta, kidole juu: "Mwalimu, eti kwa nini..." Miezi minane sasa, swali lile halijaisha. Humjia akipiga mswaki. Humjia akivuka barabara.

"Mvua," dada alimjibia. "Sema mvua. Mdogo wangu, hilo shirika unaloliomba kazi ndilo lililojenga shule. Utakwenda kuwaambia simenti ililiwa? Ulishawaambia wachunguzi, ukapata nini? Tangu hapo shule gani imekupokea?"

"Hakuna."

"Basi rudia."

"Mvua."

"Usiangalie chini ukisema."

Siku ukuta ulipoanguka jua lilikuwa likiwaka, bila tone la mvua. Dada alilijua hilo pia. Aliweka pasi kando, akamvalisha blauzi ingali na joto, akamfunga vifungo mwenyewe kama alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo.

Ofisi za shirika zilinukia rangi mpya. Kwenye ukumbi wa kusubiria, watoto wa kwenye mabango walicheka kutoka kila upande. Mwalimu hakuwatazama. Alichezesha midomo tu: mvua, mvua, mvua kubwa.

"Inua miguu, mwalimu."

Aliinua kabla hajatazama. Mwanamke mwenye ndoo aliinama, akapitisha tambara chini ya kiti. Alikuwa amekonda, ila sauti ilikuwa ile ile ya kwenye mikutano ya wazazi.

"Mama Chiriku?"

"Polepole, dada yangu. Humu hawaniiti hivyo." Alikamua tambara. "Waliniajiri wiki ya pili baada ya mazishi ya mwanangu. Waliniletea karatasi, nikatia sahihi."

"Iliandikwaje?"

"Mvua." Hakuinua macho. "Wakikuuliza, nawe sema hivyo hivyo. Ukisema vingine watadhani mimi ndiye nimekutuma. Nina watatu wengine nyumbani."

Mwalimu alitaka kumshika mkono, lakini mkono ule ulikuwa tayari umerudi ndani ya ndoo.

Mlango ulifunguliwa. "Mwalimu, karibu. Tumesikia mengi mazuri juu yako."

Alisimama, akakanyaga sakafu iliyokuwa bado mbichi. Nyuma yake alisikia tambara likifuta nyayo zake, moja baada ya nyingine, mpaka kizingitini.