Bahasha ya Gavana

Mimi nilikuwa karani mzuri, na hilo nalisema kabla ya mengine yote kwa sababu ndilo lililoniponza. Herufi nilijifunza nikiwa mtumwa, kwa kuchungulia madaftari ya watoto wa bwana wangu, na vita vya kaskazini na kusini vilipokwisha nikatoka kaunti ya Harkness na suruali moja na mwandiko ambao hata wazungu waliuonea wivu. Gavana Orcutt akanipa meza na kalamu. Kazi yangu ilikuwa kujibu barua za watu wangu. Nikajiwekea sharti kwamba hakuna barua itakayokosa jibu, na hakuna jibu litakalotoka bila kumtaja mtu kwa heshima yake. Mzee aliyeitwa boi kwa miaka sitini, bahasha yangu ilimwita Bwana.

Mwaka ule wa 1870 barua nyingi zilitoka Harkness. Watu wetu walikuwa wamepiga kura, na wapo walioapa kwamba hawataipiga tena. Wanaume waliojifunika magunia usoni walikuja kwa farasi, wakawatoa watu vitandani na kuwachapa. Waliochapwa wakamwandikia gavana. Hawakuwa wajinga hata kidogo: posta ya Harkness hawakuikaribia. Barua walizikabidhi kwa wapakiaji wa treni, weusi wenzetu, zikafichwa ndani ya soksi mpaka zikanifikia mkononi.

Hata hivyo kila aliyeandika alijulikana. Seremala Wiley Toomer aliandika mwezi wa pili, na wiki mbili hazikupita wakamvunja mkono wa kulia, wakimwambia kwamba huo ndio ulioshika kalamu. Mchungaji Enos Mabry aliandika mwezi wa tatu. Yeye walimpiga risasi mlangoni kwake, mkewe akiwa amesimama nyuma yake.

Gavana alituita makarani wake wawili akafunga mlango. Alikuwa mtu wa kaskazini, mwembamba, mwenye kikohozi.

"Barua ikifika hapa inaonwa na watu watatu," alisema. "Mmoja ni mimi, nami sijamwambia mtu. Sasa nielezeni."

Hakumtazama yeyote kati yetu. Mimi nilimtazama Tarrant.

Hollis Tarrant alikuwa mzungu wa jimbo hilohilo. Alipigana upande wa walioshindwa na kuacha vidole viwili huko. Dada yake aliolewa Harkness. Yeye aliniita Lemuel, mimi nilimwita Bwana Tarrant, na wote wawili tulifanya kama hatulioni jambo hilo. Alipenda kunitania kwamba nawaandikia wachuma pamba kana kwamba ni mabalozi. Nilimjibu kwamba nimewahi kuwaona mabalozi, na kuchuma pamba hawawezi. Akacheka. Kucheka kwake nako nikaanza kukutilia shaka.

Baada ya siku ile nilimchunga kama paka anavyomchunga panya. Nikagundua ana kidaftari cha jalada la kijivu. Kila ilipofika barua ya Harkness alikitoa, akaandika mstari mmoja, akakirudisha mfukoni. Nikipita karibu, anakifunika kwa ule mkono mbovu. Nilirudi kwenye kiti changu nikiwa na hakika. Nilimchukia, na kusema kweli chuki ile ilinipa raha, maana ilikuwa na sura na jina.

Kisha ikaja barua ya Keziah.

Keziah ni dada yangu, tumbo moja. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na nyumba yake ilitazamana na ya Mchungaji Mabry. Aliandika mwenyewe kwa herufi kubwa zilizolala huku na huku. Usiku ule wa mauaji gunia la mmoja wao lilinasa kwenye uzio likamtoka usoni, naye akaiona sura, akaijua. Akaandika jina. Mwishoni akasema: "Lemu, mwambie gavana alete askari. Hapa sijamwambia mtu, hata watoto."

Barua ile Tarrant hakuiona. Niliificha ndani ya koti, nikampelekea gavana peke yake. Akaahidi askari ndani ya siku kumi. Nikaandika jibu kwa mwandiko wangu bora kuliko wote: Kwa Bi. Keziah Gaither, Harkness. Nikalitia lakiri nyekundu, nikagonga muhuri wa jimbo, na siku ya Jumatano nikalipeleka posta kwa mikono yangu. Nilitembea kifua mbele. Maishani mwake dada yangu hakuwahi kuitwa Bi na mtu yeyote.

Alhamisi nilimweleza gavana habari za kidaftari. Tarrant akatakiwa akitoe, akakataa. Alisema atakionyesha akiwa na hakika, si kabla. Gavana hakubishana naye, alimfukuza kazi palepale.

Tarrant alikusanya kalamu zake polepole, kisha akasimama mbele ya meza yangu.

"Ulidhani ni mimi," alisema.

"Bado nadhani, Bwana Tarrant."

"Basi tuko sawa. Mimi nadhani ni wewe." Alikitupa kidaftari juu ya karatasi zangu. "Nilihesabu siku tangu barua inapofika hapa. Zinatofautiana, hazina mpango. Nikahesabu tangu jibu linapotoka. Siku nne, siku tatu, siku nne. Na majibu nani anayapeleka posta? Sikutaka kumwambia yule mzee kwamba kipenzi chake ni msaliti bila kuwa na ushahidi."

Nilimwambia aende zake. Alipotoka nilikifungua. Zilikuwa tarehe tupu. Nikajiambia kwamba mwizi hujua kujitengenezea maelezo, nikakitia kwenye droo.

Ijumaa saa nne asubuhi mfuko wa posta ulirudisha bahasha moja. Ilikuwa yangu, ile niliyomwandikia Bwana Enos Mabry. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli: Amehama, hakuacha anwani.

Niliigeuza nitazame lakiri. Ilikuwa nzima. Hakuna aliyeifungua, na kwa dakika moja nilifurahi, kwa sababu niliona kwamba siri ya barua ilitunzwa. Ndipo nikaona mengine. Upande mmoja wa bahasha ulikuwa umepauka kwa jua. Alama za vidole zilikuwa nyingi, za watu wengi, zote zimeuzunguka muhuri.

Nikakaa chini. Nimezaliwa Harkness mimi. Najua posta ya Harkness ni duka la Creel. Najua barua zinazosubiri wenyewe anazisimamisha dirishani, na Jumamosi, watu wa kaunti nzima wakija kununua chumvi na misumari, anatoka barazani na kusoma majina kwa sauti. Nilishuhudia hayo tangu utotoni, nimeshika hatamu za farasi wa bwana wangu. Lakini enzi zile hakuna barua iliyokuja kwa majina yetu. Haikunipitia kabisa akilini kwamba Creel angetusoma na sisi.

Hakuna aliyehitaji kuifungua barua. Mtu mweusi anayeitwa Bwana, kwenye bahasha ya gavana, kwa mwandiko wa madaha: hiyo ilitosha. Wao walificha barua zao ndani ya soksi, nami niliwajibu barazani kwa Creel. Wiley Toomer nilimvunja mkono mimi. Mchungaji nilimuua mimi.

Na Keziah alikuwa dirishani tangu jana.

Nilifikiria telegramu. Mashine ya telegramu ya Harkness iko ndani ya duka hilohilo, na anayeipokea ni Creel. Nilifikiria kwenda mwenyewe, lakini kule sura yangu inajulikana, na mtu mweusi hawezi kuomba barua isiyo yake. Ni mzungu tu, tena mwenye dada Harkness, ambaye angeweza kuingia na kusema kwamba anachukua barua ya mwanamke anayemfulia dada huyo nguo.

Tarrant nilimkuta chumbani kwake akifunga sanduku. Nilimwekea bahasha ya Mabry mkononi. Aliugeuza upande uliopauka, akaupitishia kidole cha ule mkono mbovu.

"Sasa yuko nani dirishani kule?" aliuliza.

"Dada yangu."

"Na ukinituma mimi, utajuaje kwamba siendi kuwaambia?"

"Sitajua," nilisema. "Nakuomba hivyohivyo."

Alivaa kofia. Treni ya Harkness huondoka saa nane mchana, naye aliiwahi.

Siku nzima ya Jumamosi nilikaa stesheni, na sitasema uongo: saa zote zile nilimshuku. Nilimwona kichwani akicheka na Creel. Nilimwona akilitaja jina la dada yangu. Nilikwishazoea kumfikiria hivyo, na akili iliendelea tu.

Treni ilirudi saa kumi na moja jioni. Tarrant alishuka behewa la mbele, akanipa bahasha yangu bila kusimama. Alisema aliipata dirishani ikiwa imeshatazamwa na wengi, kwa hiyo hakuthubutu kungoja Jumamosi, akaenda kuwatoa Keziah na watoto usiku uleule wa Ijumaa. Nyumba ilichomwa kulipopambazuka. Kisha akaenda zake, na ofisini hakurudi, ingawa gavana alimwandikia mara mbili.

Keziah alishuka behewa la mwisho na watoto wawili na bonge la nguo. Nilimkimbilia. Aliichukua bahasha mkononi mwangu, akalisoma jina lake taratibu, herufi baada ya herufi, mpaka mwisho.

"Mwandiko mzuri, Lemu," alisema. "Mimi nilikuomba askari."

Akanirudishia, akawashika watoto mikono, akaniuliza nyumbani kwangu ni upande gani.