Sabuni ya Korongo

"Wallahi, Mama Ayikoru, kila neno ni kweli," Zubeiri aliapa dukani mwake mjini Koboko, Uganda. "Lori la sabuni ya Korongo lilianguka mtoni huko Kongo. Sabuni ikaogelea mpaka ng'ambo, ndiyo maana picha ya ndege imefutika. Lakini sabuni iko ile ile."

Alikuwa amechoka na wateja wake. Mwaka huo wa 1976 hata chumvi ilikuwa ya kubahatisha, na bado watu walimngoja huyo korongo kama mume aliyekwenda vitani. Sabuni hii yake ya magendo, isiyo na chapa yoyote, ilikuwa inapasuka rafuni. Asipoiuza, duka lingefungwa.

Ayikoru alinusa kipande, akakirudisha. Kisha akainama, akanusa mkono wa kanzu ya Zubeiri.

"Hajji, kanzu yako inanukia Korongo."

"Hiyo ni harufu ya zamani."

"Hapana. Nguo iko na unyevu bado. Kumbe wewe mwenyewe hutaki hii ya mtoni?"

Wanawake nyuma yake wakacheka. Zubeiri aliguna, akaingia ndani, akarudi na Korongo yake ya mwisho, akawakatia kila mmoja kipande, bure.

"Na hii nyingine nani atanunua?" aliuliza.

"Fulia wewe, Hajji," Ayikoru alimjibu.