Masikio ya Mwalimu Jokha

Mwalimu Jokha alianza kupotewa na herufi kabla ya maneno. Ilitangulia the ya Kiarabu, ikafuata sini, halafu shini. Asubuhi aliyogundua, Tabia, mwanafunzi wake wa miaka kumi, alikuwa anamsomea Qur'ani ukumbini kwake, Kiponda. Mtoto akasoma "summa" pahala pa "thumma", na Jokha akatikisa kichwa aendelee. Watoto kwenye jamvi wakatazamana. Mmoja akashindwa kujizuia, akacheka.

"Nimekosea, Bi Mwalimu," Tabia akasema mwenyewe.

Jokha aliona midomo ya mtoto inakwenda, akayaona na macho ya wenzake. Siku ile alifunga chuo chake cha Qur'ani mapema, akasema kichwa kinamuuma.

Mumewe, Salem, alikuwa fundi wa redio mwenye kibanda Darajani. Jokha alimweleza mchana, chakula kiko mbele yao na hapana aliyekigusa. Wote wawili walijua sababu. Miezi mitano nyuma Jokha alilazwa kwa maradhi ya kifua, na daktari aliwaambia wazi kwamba sindano zitamponya, lakini huenda zikamdhuru masikio. Walikubali. Nani angekataa? Sasa kifua kilikuwa kimepona, na daktari alipoulizwa tena alisema kinachoondoka hakirudi, na huenda kikaendelea kuondoka.

"Wewe nnakusikia," Jokha alimwambia Salem. "Sauti yako nene. Watoto ndio siwasikii. Salem, nikimpitisha mtoto na kosa, atalisoma kosa lile mpaka anaingia kaburini."

Salem hakulala vizuri tangu siku ile. Alikuwa na mchoro alionakili zamani kutoka jarida la mafundi, wa amplifaya ndogo ya transista sita yenye uwezo wa kukuza sauti nyembamba kuliko nene. Akaanza kuiunda juu ya kipande cha ubao. Maikrofoni aliipata kwenye rikoda iliyokufa, na hedifoni zilikuwa za redio ya meli, nzito, za kubana kichwa. Kwa mawe ya redio, yaani betri, chombo kile kingefanya kazi bila ya shida, lakini huo ulikuwa mwaka wa sabini na moja, mwaka wa foleni, na mawe hayakuonekana dukani. Ilibidi atumie umeme wa ukutani, na umeme wa ukutani una mvumo.

Alipomvisha Jokha hedifoni mara ya kwanza, Jokha alizivua mara moja.

"Nyuki," akasema. "Nasikia nyuki tu."

Salem aliongeza kapasita. Alifunika transfoma kwa bati la kopo la maziwa. Alizungusha nyaya, akalehemu upya, akang'oa, akalehemu tena. Mvumo ulipungua, haukwisha. Tatizo alilijua. Transista mbili za mbele katika mchoro ule zilitakiwa zifanane kama pacha, ili kila kelele inayoingia kwa zote mbili kwa pamoja ijifute yenyewe. Zake zilikuwa za kuokoteza kutoka redio mbovu. Alipima thelathini na moja, na hakupata mbili zilizolingana. Kila joto la mchana likipanda, moja ilikwenda huku na nyengine kule.

Huku nyuma, watoto watatu waliondoshwa chuoni. Wazazi wao hawakusema neno baya. Walisema tu kwamba wamepata chuo cha karibu zaidi.

Salem akapanda gari kwenda Kizimbani. Shamba la serikali lilikuwa na mashine mbovu ya kuhutubia wakulima, imetupwa ghalani, na ndani yake mlikuwa na jozi ya transista zilizochaguliwa pacha tangu kiwandani. Aliiona mwenyewe alipoitwa kutengeneza redio ya ofisi. Machano, karani wa ghala, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachungulia mlangoni.

"Sheikh Salem, nikikupa bila ya karatasi tutalala ndani sisi wawili. Na wewe zaidi kuliko mimi. Unajua."

Salem alijua. Tangu Mapinduzi, mtu wa ukoo wa Kiarabu kama wake akikutwa na kitu cha serikali hakuulizwa mara mbili.

"Andika barua," Machano akasema. "Mimi ntaisukuma. Lakini itachukua muda."

"Muda ndio sina, bwana. Kila wiki anasikia pungufu."

Machano alimpa karatasi na kalamu, na Salem akaandika barua yake palepale, juu ya gunia la karafuu.

Alipofika kibandani, kwenye rafu ilikuwako redio ya Bi Biasha, mjane anayekaa peke yake kule Amani. Haikuwa na ugonjwa wowote isipokuwa uzi wa kuzungushia stesheni umekatika, kazi ya nusu saa. Ilikuwa redio nzuri. Salem aliifungua ili atie uzi, akaziona transista mbili za kutolea sauti, zimekaa bega kwa bega. Akazipima. Zililingana.

Alikaa na redio ile mapajani hata adhana ya alasiri ikapita. Kisha akazing'oa.

Jioni ile alizifunga pamoja kwa ukanda wa shaba ili zipate joto sawa, akazilehemu, akawasha. Kimya; mvumo umekwisha. Asubuhi akaiweka maikrofoni juu ya jamvi, Jokha akavaa hedifoni, na Tabia akasoma. Jokha aliinua kidole.

"Rudia. Ulimi kati ya meno."

Tabia akarudia. Siku hiyo Jokha alimrejesha kila mtoto nyuma, sura baada ya sura, akawasahihisha makosa ya miezi miwili. Walichoka mpaka wakaanza kulia. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Salem alisimama mlangoni, akarudi Darajani akijiambia kwamba atatafuta jozi nyengine, atairejesha ya Biasha, hapana atakayejua.

Bi Biasha alikuja kibandani mara mbili. Mara zote mbili Salem alimwambia kifaa kinangojwa kutoka Dar es Salaam. Siku ya tisa bibi huyo alikuja Kiponda, nyumbani. Alimkuta Jokha ukumbini, hedifoni kichwani, watoto wameshaondoka. Maikrofoni ilikuwa wazi.

"Mwalimu, niombee kwa mumeo," Biasha akasema. "Nilimpelekea uzi tu umekatika. Sasa ananambia kifaa, kifaa. Nyumba yangu imekuwa kimya, mwanangu. Sina mtu wa kusema naye. Redio ikisema, nahisi kuna mtu."

Jokha alisikia kila neno. Alimtilia bibi chai, akamsindikiza mpaka mlangoni. Salem aliporudi alimkuta ameikumbatia amplifaya, hedifoni ziko chini.

"Redio ya Biasha ina nini?"

Salem akaziokota hedifoni, akaanza kuzikunja nyaya zake.

"Nambie karibu, nikusikie."

Akamwambia yote. Jokha alisikiliza huku akimtazama mdomo. Hakupandisha sauti.

"Nimefundisha Qur'ani siku tisa kwa masikio ya wizi."

"Jokha, ntazirejesha nikipata nyengine. Nipe mwezi."

"Utazirejesha kesho."

"Utakuwa kiziwi!" Salem alipiga kelele, kwanza kwa hasira, kisha kwa kuomba. "Unajua unachokisema? Utakuwa kiziwi, na mimi nnakuona!"

"Najua," Jokha akasema. "Zing'oe sasa hivi, kabla sijabadilisha moyo."

Akazing'oa mbele yake. Akajiunguza kidole. Kesho yake aliipeleka redio Amani mwenyewe, ikiwa nzima, na transista zake na uzi mpya, akamweleza Biasha alichokitenda. Biasha aliiwasha kwanza, akasikiliza, ndipo akamtazama.

"Ungeniomba," akasema, "ningekukatalia. Kwa hiyo sijui nikwambie nini." Akafunga mlango.

Barua ya Kizimbani ilizunguka ofisi saba. Machano aliisukuma kweli. Kila mwezi alipita Darajani kumwambia imefika wapi. Kwa wakati huo Salem alijaribu transista nyengine, na mvumo haukuondoka. Jokha akapotewa na sauti za watoto, kisha za wanawake, kisha adhana. Mfungo wa Ramadhani aliujua kwa kuona taa za jirani zikiwaka wakati wa daku. Mwezi wa pili baada ya Idi, Machano alikuja na kifurushi cha zile transista pacha na karatasi yenye mihuri mitatu.

Salem alifunga kibanda siku nzima. Akalehemu, akapima, akasikiliza. Hapakuwa na mvumo hata chembe; aliweza kusikia kunguru wa paa la tatu. Akamvisha Jokha hedifoni taratibu, akaizungusha sauti mpaka mwisho, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni, akaliita jina lake.

Jokha alikuwa anamtazama mikono, akingoja.

"Umeshawasha?" akauliza.

Salem alitaka kusema bado. Alitikisa kichwa kwamba ndiyo, kisha akageukia ukuta, akalia kama mtu aliyefiwa. Jokha alizivua hedifoni, akampapasa mgongo kwa muda mrefu.

Watoto saba ndio waliokuwa wamebaki chuoni. Jumamosi iliyofuata walimkuta Salem amekaa jamvini, anatazamana na mkewe. Mmoja wao, Ame, alisoma aya. Salem akaisema tena alivyoisikia, pamoja na kosa kama lipo, polepole, na Jokha akayasoma maneno mdomoni mwa mumewe, mdomo alioutazama kwa miaka kumi na tisa.

"Huyo kasema ze," akasema Jokha. "Ni dhali. Au ni wewe, Salem?"

"Ni mimi," Salem akasema. "Ame kasoma sawa."

"Basi na wewe rudia."

Akarudia mara nne mpaka akaiweza. Ukurasa mmoja uliwachukua asubuhi nzima, na wawili katika watoto wale hawakurudi tena. Watano walirudi.