Pikipiki Mbili Juu ya Mlima Bobcat

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msisumbuke kumtafuta mwingine, maana tulikuwa wawili tu, na mwenzangu ni Joleen, mke wangu, ambaye upumbavu hauwezi. Aliujaribu mara moja tu, akaolewa na mimi.

Mvutano wetu ulikuwa wa pikipiki. Yangu ni dude kubwa, cc elfu moja na ushei, lenye kioo cha kukinga upepo, kiti cha kupasha moto makalio, na kompyuta inayojua mambo mengi kuliko mchungaji wetu. Ya Joleen ni ya kati, cc mia saba, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, kioo chake kama kisosi cha chai. Tulikuwa tumepanga kutoka hapa Idaho hadi mwisho wa barabara ya Alaska, kule lami inakokata tamaa na kuliachia tope. Mimi nilitaka kwenda na dude langu. Joleen hakutaka, na alikuwa na haki. Mwaka uliopita, majani yalipokuwa yanapukutika, nililiangusha matopeni, akanisaidia kuliinua, mgongo ukamteguka, na majira yote ya baridi akalala sakafuni kama zulia.

"Silishiki tena dude lile," aliniambia. "Twende Mlima Bobcat. Ukilivusha mlima na mizigo yake bila mkono wangu, Alaska utakwenda nalo. Nikiligusa tu, utatafuta pikipiki nyingine, au nitakwenda peke yangu. Na Verl, peke yangu nitakwenda kweli."

Nilimjua. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumzalisha ng'ombe huku akibishana na daktari wa mifugo kwenye simu. Akisema nitakwenda, hesabu ameshakwenda.

Basi tukaondoka asubuhi, tukaufuata mto Salmon. Kwenye lami, jamani, msinibishie. Dude linanguruma taratibu kama paka aliyeshiba, upepo unapita juu ya kichwa, najisikia mwenyewe ninavyoimba vibaya. Kwenye kioo cha pembeni namwona Joleen, kichwa kinapepea kama bendera ya bomani. Lori likitupita, mimi natikisika kidogo. Yeye anasukumwa hadi ukingoni mwa barabara.

Kwenye mji mdogo wa Challis tulisimama kula. Alishuka akinyoosha vidole vilivyokufa ganzi kwa mtetemo.

"Vipi bibie, nikuitie gari la wagonjwa?"

"Niitie kahawa, halafu funga mdomo."

"Kiti changu kina moto. Sijui nilishakwambia?"

"Tangu Jumanne hujaniambia kingine." Akakata yai lake, akalitazama, akaukubali ukweli kama mtu anayemeza dawa. "Kwenye lami umenishinda, mzee. Nasema wazi. Lakini hatukutoka nyumbani kushindana na lami."

Tulipoiacha lami tukapunguza upepo matairini, kama anavyofanya kila mwenye akili huku kwetu, nami nikabonyeza vitufe vyangu, kompyuta ikaambiwa kwamba tumeingia porini, isiniingilie gurudumu la nyuma likiteleza. Kwenye changarawe ya mwanzo dude bado lilikuwa mfalme. Uzito wake ulilibandika njiani, wakati ile ya Joleen ilikuwa inachezacheza kama ndama. Nikaanza kuiona Alaska.

Halafu mlima ukaanza. Njia ikawa mawe matupu, makubwa kama mikate, mengine yamekaa, mengine yanangoja kukanyagwa yaondoke. Joleen akasimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, akawa anachagua jiwe moja baada ya jingine kama mtu anayechagua nyanya. Akikosea, anaweka mguu chini, anasonga mbele. Mimi nikikosea, naomba Mungu. Tangi langu la mafuta liko juu, na lilikuwa limejaa. Ukiliinamisha dude kidogo tu, linataka kulala. Joto la injini likanipanda mapajani. Lakini nilikuwa nakwenda! Nilikaza meno, nikasema leo hata kama ni kwa magoti, litavuka.

Chini ya kona ya mwisho nikasimama kupiga picha. Nikazima swichi, nikapiga picha yangu, nikawasha, nikaondoka.

Mwenye pikipiki kama yangu ameshaanza kucheka. Ukizima swichi, kompyuta ile inasahau yote uliyoiambia. Ukiwasha, inadhani uko kwenye lami unakwenda kanisani. Nikaingia kona, nikavuta mafuta, gurudumu la nyuma likateleza juu ya jiwe, na kompyuta, kwa wema wake, ikakata nguvu ili nisiumie. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Nikashusha mguu, mguu ukaitafuta ardhi, ardhi haikuwepo. Tukalala upande wa kulia, mimi na dude, polepole, kwa heshima zote.

"Umeumia?" Joleen aliita kutoka juu ya kona.

"Heshima tu!"

"Hiyo haikuwa mpya. Inuka."

Akazima yake, akakaa juu ya mwamba, akafungua mfuko wa mbegu za alizeti.

"Naruhusiwa kuyatoa masanduku ya mizigo?" nikamuuliza.

"Alaska utakuwa unayatoa?"

"Ndiyo."

"Basi toa. Mimi nipo, nina mbegu."

Nikayatoa. Nikageuza usukani, nikalipa dude mgongo, nikachuchumaa, makalio kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye chuma cha nyuma, nikasukuma kwa miguu. Halikujua hata kama niko pale. Nikasukuma tena, likapanda hadi usawa wa goti, likarudi. Nikapumua, nikamfikiria Joleen akiwa peke yake kwenye tope la kule mbali, nikasukuma kwa ukelele uliowakimbiza kindi wa mti mzima. Likasimama!

"Umeona, mama? Umeo—"

Stendi iko kushoto, nami sikuwa nimeishusha. Dude liliupita wima kama mlevi anavyoupita mlango wa nyumbani kwake, likaenda kulala upande wa pili.

"Ehe," akasema Joleen. "Na upande huo uive, siyo?"

Nikainama tena. Nilipoinua macho nilimwona amesimama, mikono iko mbele, ameshapiga hatua.

"Kaa chini, Joleen! Ukiligusa nimekwisha."

"Verl, una miaka sitini na mitatu."

"Kaa!"

Akakaa. Lakini mbegu hakuzila tena.

Sijui nililiinua vipi. Najua niliona nyota mchana, na nilipomaliza stendi ilikuwa chini na mimi pia. Baadaye nikafunga masanduku, nikaikumbusha kompyuta tuko wapi, nikapanda kona ile nimesimama juu ya vikanyagio, sikusimamisha pikipiki hadi kileleni, kwenye theluji chafu iliyokuwa bado imejificha kwenye kivuli.

"Limevuka," nikasema.

"Limevuka," akasema. "Sasa naweza kuligusa. Nipe funguo, tushuke tumebadilishana."

Nikashuka na yake. Nisiwafiche, nilicheka mlima mzima. Miguu yote miwili inafika chini. Ukiiambia kulia, imeshafika kulia. Mawe kama yale yaliyonitoa jasho niliyapita kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani, hata tulipofika kwenye kijito nikakivuka mara mbili kwa raha tu. Joleen alikuja nyuma na dude langu, hakuliangusha, lakini hakutabasamu.

"Kiti kitamu kweli," alisema alipolisimamisha. "Ila kila kona nilikuwa nalibembeleza kama fahali mgonjwa. Haya. Ahadi ni ahadi, utakwenda nalo. Nakuuliza tu, wewe uliyeshuka unacheka kama mwendawazimu, bado unataka?"

Hapo ningenyamaza ningekuwa mtu mwenye busara. Lakini nilikuwa na misuli inayouma, na mtu hawezi kuumia bure.

"Joleen, tuwe wakweli. Safari nzima ile ni lami! Tope ni siku mbili tatu tu."

Alinirushia funguo za dude, akapanda pikipiki yake, akavaa kofia.

"Na ndoa nzima ni amani, Verl. Watu huachana kwa zile siku mbili tatu."