Chai Haina Kosa

Mume wangu ni fundi wa nguo, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Kwa hiyo daktari alipomwambia kuwa kidonda cha kidole gumba cha mguu kisipopona kidole kitakatwa, mzee hakuuliza habari ya maumivu. Aliuliza, "Sasa pedeli nitakanyaga na nini?"

"Shusha sukari kwanza," daktari akajibu.

Binti yetu akatuletea kikopo cha vidonge vya utamu, vile vidogo vya kutia kwenye chai badala ya sukari. Mzee akavipenda. Kimoja tu, chai imekolea! Lakini kila tukimpima sukari ya damu, namba iko juu.

"Vidonge vyako vya uongo," akamfokea binti. "Kitu kitamu hivi kitakosaje sukari? Katupe!"

Binti akakichukua kikopo, machozi yanamlengalenga. Mimi nikakipokea, nikakiweka kabatini. Mume humjui kwa maneno yake, unamjua kwa sahani yake. Nikaanza kuitazama sahani.

Kesho yake asubuhi nikampa chai tupu na kidonge chake. Nikampima kabla, nikampima tena baadaye.

"Basi, mama! Unanitoboa kama kitambaa!"

"Wewe unayeshinda na sindano, unaogopa hii?"

Namba haikupanda.

Siku iliyofuata nikamwacha ale kama alivyozoea. Chai na kidonge, halafu mkate: kipande, kipande tena, jemu juu yake, na kingine cha kufutia sahani.

"Si nimejinyima sukari kwenye chai?" akasema huku anatafuna. "Niache nijifidie."

Tulipokuja kupima, namba ilikuwa imeruka. Nikamsogezea mashine aone mwenyewe.

"Chai haina kosa, mzee wangu. Kidonge kimekuokoa na kijiko cha sukari, wewe ukakishukuru kwa mkate mzima."

Binti akacheka. Mzee hakucheka. Aliuangalia mguu wake wenye bendeji, akauangalia weee. Kisha akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akapiga mstari kwenye ubao wa kukatia mkate.

"Mkate wangu uishie hapa," akaniambia. "Nikiomba zaidi, nionyeshe mguu."

Leo asubuhi ameomba. Nimemwonyesha. Amenuna mpaka saa hizi, hataki hata kunitazama. Lakini kidonda kimeanza kukauka pembeni, na huko chumbani naisikia pedeli inakwenda.