Pua Isiyolishwa

Kile kioo kililetwa nyumbani kwa Paranjape kikiwa kimeviringishwa katika pamba kama yai la ndege adimu, na tangu kilipofunuliwa Mrinal, binti wa nyumba hiyo, hakuwa tena na moyo mweupe.

Kilikuwa kifuniko cha chumba cha marubani, kipana, cheupe kama maji ya mtungini, na hakikuzidi urefu wa kidole gumba. Mzee Madhukar Paranjape alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku. Enzi za kazi yake alikuwa mkufunzi wa marubani wa ndege za kivita. Alipostaafu alijenga nyumba hii ya Pune, na katika baraza ya nyuma akaweka meza ya kuundia ndege ndogo za plastiki. Sasa alikuwa akiunda ile aliyoipenda kuliko zote, ndege ya kivita iitwayo Hunter, ya mafunzo, yenye viti viwili. Boksi la vipande alilopata lilikuwa na Hunter ya kawaida tu, ya rubani mmoja. Ikabidi pua ikatwe kwa msumeno, na pua mpya, pana zaidi, ijengwe kwa vipande vya plastiki na puti, ili watu wawili wapate kukaa.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "kioo hiki hakina hata kovu moja."

Aliyeitwa mwanangu hakuwa Mrinal. Alikuwa Ashlesha, mke wa Nachiket, kaka yake Mrinal.

Mrinal ndiye aliyekuwa ameichonga kalibu ya mti ya kioo hicho. Tena ndiye aliyeshinda jikoni Jumapili nzima akilainisha plastiki juu ya jiko la gesi na kuikandamiza juu ya kalibu, na kila alichokitoa kilikuwa na makunyanzi, au kiputo, au rangi ya moshi. Mama yake alilalamika kwamba pohe zake za mchele zilikuwa zikinuka ndoo iliyoungua. Asubuhi yake Ashlesha, ambaye kazi yake ni kutengeneza meno bandia katika maabara moja mjini, aliitia ile kalibu mkobani bila makeke, na jioni yake akarudi na kioo.

"Ah, ni mashine tu, wifi," alimwambia Mrinal. "Inavuta hewa, plastiki inajilaza yenyewe. Sisi tunafanyia vikinga meno vya mabondia."

"Hongera," alijibu Mrinal, na neno hilo likamkwaruza koo kama mwiba wa samaki.

Meza ya baraza ilikuwa na stuli mbili tangu Mrinal akiwa mtoto: moja ya baba, moja yake. Sasa alifundisha kemia chuoni, alikuwa na mvi za kuhesabika karibu na sikio, na posa mbili alizozikataa. Lakini stuli ilikuwa ile ile. Ndege yake ya kwanza aliiunda peke yake, akaibeba kwa mikono miwili kumwonyesha baba. Alipoiweka mezani, ilikaa kitako, mkia chini na pua juu, kama mbwa anayeomba mkate. Baba alicheka mpaka miwani ikamwanguka. Kisha akachukua kipande kizito cha madini ya risasi, aina ile ambayo mafundi wa magurudumu huibandika kwenye rimu, akakikata vipande vidogo na kumwekea binti yake kiganjani.

"Jeti lazima ilishwe pua," alimwambia. "Isipokula, itakaa kitako mbele ya wageni ikuaibishe."

Tangu hapo kila ndege iliyozaliwa kwenye meza ile ilipitia swali moja kabla ya kufungwa: "Pua imekula?" Naye Mrinal hujibu, "Imekula, imeshiba." Kopo la risasi lilikuwa lake. Hata baba hakuligusa.

Lakini baada ya kile kioo, Mrinal aliporudi kutoka chuoni alimkuta wifi yake ameketi kwenye stuli yake, kitambaa cha kazi kiunoni, akipiga msasa.

"Karibu, wifi! Vuta kiti, kuna nafasi."

"Nina mitihani ya kusahihisha," alisema Mrinal, akaingia chumbani na kuuacha mlango wazi kidogo. Kusahihisha hakusahihisha. Alisikiliza.

"Baba, kwa hiyo mkufunzi haketi nyuma?"

"Kwenye hii, hapana. Bega kwa bega. Mwanafunzi kushoto, mimi kulia. Akipumua kwa hofu, namsikia."

"Na akikosea?"

"Namwacha akosee kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka niogope mimi."

Wakacheka wote wawili. Mrinal alishika kalamu nyekundu hewani. Miaka yote ile aliyoketi kando ya baba hakuwahi kuisikia habari hiyo. Wala, sasa aligundua, hakuwahi kuiuliza. Yeye na baba walizungumza gundi, rangi na puti. Huyu aliyeingia nyumbani juzi, mumewe yuko baharini kwenye meli za mizigo, alikuwa amefungua mlango ambao Mrinal aliudhania ukuta. Bibi yake, Mungu amrehemu, hakuthubutu kupita mbele ya baba mkwe bila kujitanda kichwa. Huyu anampokonya baba mkwe msasa mkononi, na mzee anafurahi!

Mama yake aliingia na kikombe cha chai, akamkuta amekodoa macho ukutani.

"Una wivu kama mke mwenza," alisema.

"Mama!"

"Mimi nasema ninachokiona. Mtoto wa watu yuko peke yake, mume hayupo. Ulitaka akae azungumze na friji?"

"Akae popote. Stuli ni yangu."

"Basi nenda ukaikalie," alisema mama, akatoka.

Hakwenda. Wivu una kiburi chake; hutaka kuitwa, na ukiitwa hutaka kubembelezwa, na ukibembelezwa huuliza mbona umechelewa kubembelezwa. Mrinal aliitwa mara nyingi. Kila mara alikuwa na mitihani.

Siku ya Ijumaa, baba akiwa amejilaza baada ya chakula, Ashlesha alimjia jikoni. Mikononi alikuwa amebeba ndege, mabawa yakiwa yamekwisha kuungwa, viti viwili vimekaa bega kwa bega ndani ya pua. Ncha ya pua ilikuwa bado haijafungwa.

"Wifi, Baba kasema nikuulize wewe kabla sijafunga pua. Huku mbele tayari?"

Mrinal alifuta mikono kwa kanga ya jikoni, akainama kutazama. Mbele ya viti kulikuwa na kijichumba cha ukubwa wa njugu, kimepigwa msasa vizuri, na ndani yake hamkuwa na kitu. Hata chembe ya risasi haikuwamo. Kopo lake lilikuwa pale pale rafuni, vumbi limelifunika.

Wamesahau, alijisemea. Bega kwa bega, na wamesahau pua. Jambo fulani la baridi na tamu lilimshuka kifuani. Akilini aliiona Jumapili, marubani wa zamani walioalikwa na baba wameizunguka meza, na Hunter ya mkwe kipenzi ikikaa kitako kama mbwa.

"Funga," alisema.

"Tayari kabisa?"

"Si nimekwambia? Funga."

"Haya, asante, wifi." Ashlesha alitabasamu, akaondoka akitembea polepole kama aliyebeba mtoto aliyelala.

Usiku ule Mrinal alikula kidogo. Jumamosi rangi ilipigwa, na mara kadhaa alisimama kwenye kizingiti cha baraza, neno limefika ulimini. Kila mara alimwona baba akimwekea Ashlesha kidole mkononi, kumwonyesha namna ya kushika brashi, na neno likarudi lilikotoka.

Jumapili asubuhi, mama akiwa anakanda unga wa puri, mikate ya kukaanga, na nyumba ikinuka iliki, baba aliwaita wote barazani. Magurudumu yalikuwa yamekauka. Alivaa shati lililopigwa pasi, akaishika Hunter kwa ncha za vidole na kuishusha juu ya meza kana kwamba inatua kweli. Alipoiachia, ilisita kidogo, kama inayofikiri. Kisha pua ikainuka na mkia ukagonga meza: tak.

Mrinal alikuwa ameingoja sauti hiyo kwa siku mbili. Ilipofika, haikuwa tamu.

Baba hakucheka safari hii. Aliishusha pua kwa kidole. Akakiondoa, ikainuka tena.

"Pua ilikula?" aliuliza, na alikuwa akimtazama Mrinal.

"Ni mimi, Baba," Ashlesha alidakia. "Mimi ndiye niliyefunga. Sikujua inalishwa nini. Nisamehe."

Hata hapo amenitangulia, aliwaza Mrinal. Hata kwenye kubeba lawama. Na huenda angenyamaza, lakini macho ya baba hayakuondoka usoni pake.

"Aliniuliza," alisema. "Nilitazama, nikaona ni patupu. Nikamwambia funga."

Jikoni mafuta yalichemka. Mama alisimama mlangoni, unga mikononi.

"Nilimwambia pale asipaguse," alisema baba taratibu. "Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, hapo ni pa Mrinal. Atakuja atalisha mwenyewe, hata akinuna vipi. Pua hajawahi kuiacha na njaa." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Wageni wanakuja mchana. Na msinitilie kijiti chini ya mkia. Ndege yangu haitembelei mkongojo."

Akaenda kuoga.

Wale wawili walibaki na ndege iliyokaa kitako kati yao.

"Ulijua, wifi," alisema Ashlesha. Hakuwa na hasira. Ilikuwa kama anaweka kitu mezani.

"Nilijua."

"Ungenitukana tu. Nimezoea, nina dada watatu."

Mrinal alitaka kucheka, akakuta machozi. Aliyameza. "Ile mashine yako ndogo ya kutobolea meno, unayo hapa?"

"Iko chumbani."

"Tutatoboa chini, kwenye shimo la gurudumu la mbele. Hapataonekana. Lakini mkono ukiteleza, kioo kinapasuka."

"Mkono wangu hautelezi," alisema Ashlesha, na Mrinal, ingawa ilimuuma, alijua kwamba ni kweli.

Ashlesha aliigeuza ndege chali juu ya taulo. "Fungua kinywa, Hunter," alisema. Chombo kikalia kama nyuki. Mrinal alifuta vumbi la kopo lake, akaikata risasi vipande vidogo kama punje za mtama, akailisha pua kimoja kimoja kwa kibanio, na juu yake tone la gundi. Kwenye meza ile nyembamba viwiko vyao viligongana. Hakuna aliyesogea.

Wageni walipofika, mmoja wao, Dogra, mwanafunzi wa zamani ambaye sasa naye kichwa chake kilikuwa cheupe, aliinama mbele ya Hunter iliyosimama imara kwa magurudumu matatu.

"Mkuu! Kiti changu kile, cha kushoto! Nani kafanya kioo hiki?"

"Mkwe wangu," alisema mzee kwa fahari, na sifa zote zikamwelekea Ashlesha kama nzi kwenye sukari. Mrinal alisimama nyuma na sahani ya puri. Ule mwiba wa samaki ukamchoma tena, pale pale kooni. Risasi iliyo ndani ya pua haionwi na mtu.

"Na binti yako, Mkuu? Yeye kafanya nini?"

Mzee alinyoosha kidole, akaubonyeza mkia mpaka pua ikaelekea dari, kisha akakiondoa. Hunter ikashuka mbele kwa uzito wake yenyewe, gurudumu likagonga meza.

"Hivyo," alisema.

Dogra akaangua kicheko. Mrinal alitazama upande wa pili wa meza kuona kama wifi yake amesikia. Alikuwa amesikia, na tayari alikuwa amejisogeza kwenye stuli, nusu yake ikiwa tupu.

Mrinal aliiweka sahani chini, akaenda kuchukua stuli nyingine jikoni, aje kuiweka kando ya ile.