Wa Tisini na Saba

Boti ilikwisha kuachana na gati la Kilindoni, na Jumanne, mkwezi wa minazi, bado anampigia kelele bintiye: "Chiku! Wa kwanza hapa, wa kwanza huko! Ukiniletea wa pili usinipe shikamoo!"

Watu wakacheka. Katika mtihani wa darasa la saba Chiku alimpita Safia, binti wa baba yake mdogo Sadick, kwa alama moja tu. Alama hiyo ikampeleka shule ya vipaji, bara. Safia akabaki sekondari ya kata. Mwaka mzima Jumanne hakumwacha nduguye apumue. "Hajambo yule wako wa shule ya ndala?"

Desemba Chiku akarudi na ripoti. Msimu ule nilikuwa mgeni pale, nakula na kulala kwa Jumanne, na Kiingereza nilikiokota melini, basi wakanipa mimi nisome. Sadick alikuja na ya Safia, makusudi.

"Anza na wa ndala," Sadick akasema.

Nikasoma: Safia, wa kwanza kati ya themanini.

"Enhe. Na kipaji?"

Chiku, wa tisini na saba kati ya tisini na nane.

"Kaka," Sadick akauliza, "huyo wa tisini na nane alikuwa hai?"

Chiku hakulia. "Baba, kule kila mtu alikuwa wa kwanza kwao. Tazama wastani. Mimi sitini na nne, Safia arobaini na tisa. Januari nirudi, nitapanda."

Alisema kweli, nilikuwa naiona. Nikafungua kinywa.

"Mzee, nimekuuliza wastani?" Jumanne akanikata.

Nikaikunja karatasi.

"Mimi kazi yangu kukwea," akamwambia bintiye. "Mtu anayeshuka namjua."

Januari mwalimu wa kule bara alipiga simu mara tatu kumwulizia Chiku. Mara ya tatu Jumanne akamjibu: "Mpe kitanda yule wa tisini na nane, ajinyooshe."

Chiku alipelekwa kisiwa cha Jibondo kwa shangazi yake, kufunga mwani kwenye kamba baharini. Leo Chiku ana watoto wawili, mmoja haoni vizuri. Safia alimaliza kidato cha nne kwa daraja la nne, sasa anauza vocha karibu na soko. Sadick alikufa kwa presha. Jumanne bado anakwea, ingawa goti moja limekaza. Mimi nilihamia Lindi Machi ya mwaka ule wa simu.